Rimoti Inapogoma

UFUNDI WA NYUMBANI, safu ya kila wiki ya Salum Mwinyikai

Rimoti ya runinga inapogoma, la kwanza ni kujua ni kifaa gani hasa kilichogoma. Tangu Tanzania ilipoanza kuzima matangazo ya analojia, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ikakamilisha yake mwaka 2015, sebule nyingi zimekuwa na vifaa viwili badala ya kimoja: runinga na king'amuzi, kila kimoja na rimoti yake. Lawama nyingi zinazoangukia rimoti chanzo chake ni hapo. Mtoto akibonyeza kitufe cha kuchagua chanzo cha picha, runinga huhama kutoka tundu la HDMI kwenda la AV, skrini ikabaki tupu, na watu wazima wakahangaika na rimoti ya king'amuzi isiyo na kosa lolote. King'amuzi kinabadilisha chaneli vizuri, ila picha haina pa kupita. Kwa hiyo kabla ya kugusa betri, itazamwe taa ndogo iliyo usoni mwa kifaa. Runinga na ving'amuzi vingi huipepesa taa hiyo kila vinapopokea amri. Ikipepesa, rimoti ni nzima. Tatizo litafutwe kwenye chanzo cha picha, nyaya au malipo ya kifurushi.

Taa isipopepesa, inafaa kuelewa kinachotoka kwenye rimoti. Mbele yake kuna taa ndogo ya LED inayotoa miale ya infraredi yenye urefu wa wimbi wa nanomita 940 hivi, ambayo jicho la binadamu haliioni. Kitufe kikibonyezwa, taa hiyo huwaka na kuzima kwa kasi ya takriban mara 38,000 kwa sekunde, katika mafungu marefu na mafupi yanayounda msimbo wa amri. Kasi hiyo haikuwekwa bure. Mwaka 1955 kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa Flash-Matic, rimoti isiyo na waya iliyobuniwa na Eugene Polley. Ilirusha mwanga wa kawaida kwenye vihisio vilivyokuwa katika pembe nne za skrini, na jua likipenya dirishani liliweza kubadilisha chaneli lenyewe. Mwaka uliofuata Robert Adler, wa kampuni hiyohiyo, akaleta rimoti ya mawimbi ya sauti yasiyosikika. Infraredi ilipokuja kushika nafasi, mdundo wa kuwaka na kuzima ndio ulioiwezesha runinga kutofautisha amri na mwanga mwingine wote uliomo chumbani.

Kwa kuwa miale hiyo haionekani, kipimo bora ni simu. Kamera ya mbele, ile ya kujipigia picha, huiona kwenye simu nyingi; ya nyuma mara nyingi ina kichujio kinachoizuia. Chumba kitiwe giza kidogo, rimoti ielekezwe kwenye kamera, kitufe kishikiliwe. Nukta ya mwanga mweupe au wa zambarau ikionekana kwenye kioo cha simu, rimoti inatuma. Kabla ya kuhukumu, simu yenyewe ijaribiwe kwanza kwa rimoti nyingine inayofanya kazi. Hakuna kipimo kingine cha bure kinachookoa pesa kama hiki, kwa sababu kinaligawa tatizo katikati: mwanga ukionekana, mtu huenda kwenye runinga, usipoonekana, hubaki na rimoti.

Kwenye rimoti, betri ndizo hutazamwa kwanza. Rimoti nyingi hutumia betri mbili ndogo za volti 1.5 kila moja. Zinapochoka, hutangulia kupungua umbali: anayetazama hulazimika kusogea mbele, kisha kubonyeza mara mbili, kisha rimoti inanyamaza. Hapo ndipo desturi tatu za majumbani huanza: kuipiga rimoti kiganjani, kuzing'ata betri, na kuzianika juani. Zote tatu huonekana kusaidia, na kila moja ina sababu yake. Kuipiga hutikisa betri na kukwangua kidogo kutu iliyo kwenye springi, basi mguso unarudi. Maana yake springi zinahitaji kusafishwa, si kipigo. Joto la jua huharakisha kemikali zilizobaki, betri ikapata nguvu ya muda mfupi. Kung'ata huzibana kemikali zigusane upya, na huko ndiko kubaya kuliko kote. Katika betri za bei ya chini za zinki na kaboni, kopo la zinki lenyewe ndilo linaloliwa wakati umeme unatoka. Betri iliyochoka ina kuta nyembamba, na jino linaitoboa kwa urahisi. Majimaji yake huunguza mdomo, na yakivujia ndani ya rimoti hula springi na nyuzi za shaba za bodi. Rimoti iliyokuwa inadai betri mpya tu huharibika kabisa kwa njia hiyo.

Kuchanganya betri mpya na kuukuu nako huleta mvujo, kwa kuwa ile dhaifu huisha kwanza na mwenzake akaendelea kuisukumia umeme kinyume. Zibadilishwe zote mbili kwa pamoja, za aina moja, upande bapa wa hasi ukikaa kwenye springi. Kukiwa na unga mweupe uliotoka kwenye betri za alkalini, pamba iliyochovywa kidogo katika siki au maji ya ndimu huuyeyusha. Kisha pafutwe kwa spiriti na kuachwa pakauke. Katika miji ya pwani kama Tanga, Mombasa na Unguja, hewa ya chumvi huzitia springi kutu hata betri zisipovuja, na msasa laini unatosha kurudisha ung'avu. Tabia ya kuifunga rimoti kwa nailoni, ambayo wengine huiona ushamba, ina faida ya kweli: huzuia vumbi, jasho na mafuta ya mikono. Nailoni iwe angavu tu, na ibadilishwe inapochakaa.

Rimoti nyembamba za spika na feni hutumia betri bapa za duara, kama CR2025. Hizi zinadai uangalifu wa pekee penye watoto wadogo. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuunguza umio vibaya ndani ya saa mbili. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali mara moja, bila kungoja dalili. Kifuniko cha rimoti kilichopotea kwa hiyo si jambo dogo, na mkanda wa gundi hautoshi kuwa kinga.

Betri zikiwa nzima na bado baadhi ya vitufe havisikii, kasoro iko chini ya vitufe. Rimoti ndani yake ni mpira mmoja laini wenye vidoti vyeusi vya kaboni. Kidoti kikishuka hugusa njia mbili kwenye bodi na kuziunganisha. Mafuta na uchafu hutanda kati yao, na kitufe kinachotumiwa sana, aghalabu cha kuwasha au cha sauti, hufa kwanza. Skrubu mara nyingi hufichwa ndani ya kijumba cha betri. Zikitolewa, maganda mawili huachanishwa taratibu kwa kadi ya plastiki, kwani kisu huvunja vishikizo. Mpira huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, ukakauka kabisa. Bodi isioshwe kwa maji. Ipanguswe kwa spiriti bila kukwaruzwa, maana nayo ina tabaka jembamba la kaboni. Kidoti kilichokwisha kinaweza kubandikwa kipande kidogo cha karatasi ya fedha, tiba ya mafundi wengi ambayo hudumu kwa muda wa kutosha kutafuta mpira mwingine.

Kuna na kasoro ya kinyume chake, ambayo wengi hawaijui: kitufe kilichonasa chini kwa sababu ya soda au chai iliyomwagika. Rimoti hiyo hutuma amri moja mfululizo, vitufe vingine vyote vikaonekana vimekufa, na betri mpya zikaisha upesi. Kamera ya simu huifichua, kwa kuwa mwanga huonekana hata pasipo kubonyeza.

Rimoti iliyoanguka na kunyamaza papo hapo huwa imevunjika mguu wa LED, au kristali inayopanga kasi ya mapigo. Yote mawili fundi huyamaliza kwa risasi kidogo au kwa kipuri kutoka rimoti ya zamani.

Mwanga ukionekana kwenye simu lakini runinga haisikii, jicho lake la kupokea huwa limezibwa na spika ndefu, king'amuzi au kitambaa cha urembo, au limezidiwa na jua la dirishani au taa za kubana matumizi zilizo karibu. Baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, runinga huweza kuganda. Ichomolewe ukutani kwa dakika moja au mbili, si kuzimwa kwa kitufe tu. Simu yenye kirusha infraredi, kama nyingi za Xiaomi, inafaa hapa kuwa shahidi wa tatu: nayo ikishindwa kuiamuru, jicho la runinga ndilo mgonjwa.

Rimoti za runinga janja zina utaratibu wao. Nyingi huwasiliana kwa bluetooth, hivyo hazihitaji kuelekezwa popote, na kwa baadhi yake kipimo cha kamera huonyesha kitufe cha kuwasha pekee. Zikipoteza uhusiano na runinga hulazimu kuunganishwa upya, kwa kushikilia vitufe ambavyo hutofautiana kwa kila chapa na hutajwa kwenye kijitabu.

Yote hayo yakishindikana, kuna njia mbili za kununua. Ya kwanza ni rimoti halisi, itafutwe kwa namba iliyochapwa ndani ya kijumba cha betri au kwenye kibandiko cha nyuma ya runinga. Ya pili ni rimoti ya jumla, nafuu zaidi, inayopangwa kwa msimbo wa chapa au kwa kuiacha itafute yenyewe hadi runinga izimike. Runinga ikizimika, vijaribiwe pia vitufe vya sauti, chanzo cha picha na menyu kabla ya kulipa, kwa sababu msimbo unaokaribia huweza kuzima na kuwasha tu bila kufanya kingine chochote. Amri ya sauti kwa kuzungumza na rimoti haipatikani kwenye rimoti nyingi za aina hii.