Kesi za madeni: Sheria ya msaada imemwacha maskini wa Mashuuru mlangoni

DAWA ya deni ni kulipa, walinena wahenga. Hata hivyo, hawakusema kuwa kila anayedai ana haki ya kila senti anayoidai, wala kuwa mdaiwa asiye na wakili hana la kujitetea.

Katika eneo la Kajiado Mashariki, kuanzia nyumba za kupangisha za Kitengela hadi maboma ya wafugaji wa Mashuuru, madeni ni sehemu ya maisha. Kibarua hukopa kupitia simu ili alipe kodi ya nyumba, naye mfugaji hukopa karo akitarajia kuuza fahali. Ukame wa kati ya 2020 na 2023 ulipoangamiza mifugo, wengi walibaki na deni bila ng'ombe wa kulilipia.

Kifungu cha 48 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali ihakikishe kila mtu anaifikia haki. Kwa sababu hiyo, mnamo 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria, iliyobuni idara ya kitaifa ya kuwasaidia wasiojiweza. Ajabu ni kwamba sheria hiyo hiyo inaorodhesha masuala ambayo idara hiyo haitayagharamia, yakiwemo ya ushuru, ufilisi na urejeshaji wa madeni.

Pengine nia ilikuwa kuwazuia wakopeshaji kutumia fedha za umma kukusanya madeni yao. Lakini maneno ya sheria hayamtofautishi mdai na mdaiwa. Mkopeshaji mkubwa ana mawakili wake. Anayefungiwa nje ni mchunga mbuzi.

Pengo hili limezidi kuonekana tangu Mahakama ya Madai Madogo ilipozinduliwa Milimani, Nairobi, Aprili 2021, kisha ikaenezwa katika miji mingine. Mahakama hizo husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni na hutakiwa kuyaamua katika siku 60. Kasi hiyo ni upanga wenye makali kuwili: humfaa mwenye duka dogo anayedai haki yake, lakini humwangamiza mdaiwa aliyepokea samansi asiyoielewa. Asipojibu, hukumu hutolewa bila yeye kusikizwa, na anayefuata ni dalali.

Ilhali huenda alikuwa na hoja nzito. Deni linalotokana na mkataba haliwezi kushtakiwa baada ya miaka 6, ila ni lazima mdaiwa mwenyewe aitaje hoja hiyo katika utetezi wake. Tangu 2007, sheria ya benki inazuia riba ya mkopo uliokwama kuzidi salio la mkopo wenyewe. Aidha, mtu hatupwi jela kwa umaskini tu. Ni lazima mahakama iridhike, kwa mfano, kuwa ana uwezo wa kulipa na anakataa, au ameficha mali yake. Ni wangapi Mashuuru wanaoyajua haya?

Hata kinga iliyopo imezeeka. Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai inamzuia dalali kuchukua vyombo vya kupikia, vitanda na zana ambazo mdaiwa hutegemea kupata riziki. Kwa mkulima, inakinga pia mifugo, lakini ya thamani ya Sh10,000 za kwanza pekee. Kwa bei za leo, fedha hizo hazinunui ng'ombe mmoja mzima. Kwa jamii ambayo ng'ombe ndiye chakula, akiba na heshima, hiyo si kinga.

Hatua mbili zinahitajika. Kwanza, Bunge lirekebishe sheria ya msaada ili marufuku ibaki kwa anayedai, si kwa maskini anayejitetea. Pili, kiwango cha mifugo inayokingwa kilingane na bei za sokoni.

Kwa sasa, anayepokea samansi asijifiche. Aijibu kabla ya siku zilizotajwa kwisha, ajiwakilishe mwenyewe ikibidi, na kama deni ni la kweli, aombe mahakama imruhusu kulipa kwa awamu. Mashirika kama Kituo Cha Sheria, yaliyokuwepo tangu 1973, hutoa ushauri kwa wasiojiweza.

Kulipa deni ni wajibu. Lakini nchi inayomwachia mmoja wakili na kumnyima mwenzake hata ushauri haiwezi kudai kuwa mizani yake ya haki iko sawa.