Kiboko kinamfunza nani, mwanafunzi au mwalimu?

Panda matatu ya Dundori kutoka Nakuru mjini, uanzishe stori ya nidhamu shuleni. Kabla mfike kwa mashamba ya viazi, abiria fulani atasema: "Sisi tulichapwa na tukawa watu." Wengi watamuunga mkono.

Sheria inasema vingine. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, Kalonzo Musyoka akiwa Waziri wa Elimu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaweka faini isiyozidi Sh100,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Hata hivyo, mwaka wa 2021, mabweni yakiteketea, waziri wa wakati huo, marehemu Prof George Magoha, alitaka kirudishwe. Mbona hakiishi?

Jibu liko kwa saikolojia. B.F. Skinner, msomi wa Marekani, alionyesha kwamba tendo hurudiwa likileta kitu kizuri, au likiondoa kero. Sasa fikiria darasa la watoto sabini wanaopiga kelele. Mwalimu anachapa mmoja; kimya papo hapo. Kero imeisha. Kumbe aliyefunzwa kwanza ni mwalimu, na kesho atachapa tena. Faini iko mbali na humpata mtu kwa nadra, lakini kile kimya anakipata kila siku.

Na mwanafunzi? Anajifunza kutoshikwa. Mwalimu wa zamu akiwepo, ametulia. Akitoka, kelele zinarudi. Kiboko kimemwambia asifanye nini, hakijamwonyesha afanye nini.

Hii haimaanishi watoto waachiliwe tu. Aliyevunja dirisha asaidie kulirekebisha. Anayechelewa kila siku, akifika mapema hata mara moja, aambiwe hapo hapo kwamba ameonekana. Sifa itaje tendo lenyewe na ije haraka, isingoje siku ya zawadi ambapo namba moja pekee ndiye anapigiwa makofi.

Lakini mwalimu naye ni binadamu. Ukimpokonya kiboko umwache na watoto sabini, hujampa njia nyingine ya kupata kimya. Marufuku peke yake ina kasoro ile ile ya kiboko: inasema usifanye, kisha inaondoka. Tukitaka kiboko kiishe Dundori na kwingineko, tuanze na walimu wa kutosha na madarasa yasiyofurika. Hapo ndipo mwalimu atapata nafasi ya kumwona mtoto anayefanya vizuri.