Tunamlipa Refa, Tunailipia Timu Pinzani, Sisi Tunacheza Pekupeku

Fungua ile meseji ya mwisho ya tokeni uliyonunua. Usiangalie yuniti tu. Teremka hadi kwenye makato. Kuna VAT, asilimia 16. Kuna REP, ya kusambaza stima mashinani. Halafu kuna kamstari kamoja kameandikwa EPRA. Pesa yenyewe ni kidogo, ndiyo maana hakuna mtu huuliza. Leo mimi nauliza.

EPRA ndiyo mamlaka inayosimamia bei ya stima na mafuta Kenya. Kenya Power ikitaka bei ibadilike, inapeleka maombi huko, wananchi wanaitwa kutoa maoni, kisha EPRA inaamua. Katiba ya 2010, kifungu cha 10, inasema wananchi lazima washirikishwe. Kwenye karatasi, mambo safi.

Sasa njoo Daraja Mbili. Mwaka wa 2023 EPRA iliidhinisha bei mpya, zikaanza Aprili 1. Kabla ya hapo, nyumba iliyotumia hadi yuniti 100 kwa mwezi ilikuwa kwenye bei ya chini kabisa, ile ya kumlinda mtu wa mapato madogo. Bei mpya zikashusha hicho kiwango hadi yuniti 30. Kutoka 100 hadi 30, wasee! Weka friji ndogo, TV na taa kwenye bedsita yako, umeshavuka. Nimeuliza majirani zangu hapa sokoni, kutoka kwa kinyozi hadi mama wa ndizi. Wote wanajua tokeni ilianza kuisha haraka. Hakuna hata mmoja aliyejua kwa nini.

Utaniambia vikao vilifanyika, na asiyekuwepo na lake halipo. Sawa. Lakini kuwepo ni gharama. Niliwahi kwenda kikao kimoja cha maoni, sitasema cha nani. Nilifunga kibanda nusu siku, nikalipa nauli. Ukumbini nikakuta kitabu kinene cha Kiingereza kilichojaa majedwali, nikaambiwa nina dakika tatu. Mbele wameketi mawakili, wahasibu na wahandisi, kila mmoja na laptopu yake. Nikasimama nikasema maisha ni magumu. Wakaandika. Nikaketi. Hayo si maoni jamani, hiyo ni rambirambi.

Na wale wa mbele wanalipwa na nani? Gharama za kuendesha kampuni ya stima, wataalamu wake wakiwemo, zinaingia kwenye hesabu ya bei unayolipa. Refa naye, yaani EPRA, anaendeshwa kwa ushuru ulio kwenye stima na mafuta. Kwa hivyo sisi ndio tunalipia pande zote za meza, isipokuwa upande wetu.

Ndiyo maana nasema hivi: sehemu ndogo ya ule ushuru wa EPRA itengwe kwa ajili ya mlaji. Sitaki pesa ya soda na chapati za wahudhuriaji. Nataka mhasibu na mwanasheria wa kusoma maombi ya bei kwa niaba yetu. Nataka muhtasari wa kurasa mbili, kwa Kiswahili na Ekegusii, ufike sokoni mwezi mmoja kabla ya kikao. Mkono mtupu haulambwi, na hoja isiyo na hesabu haisikizwi.

Najua jibu lenu. "Hiyo pesa italiwa." Kuna vyama vya mfukoni vitachipuka kama uyoga, ni kweli. Lakini dawa ipo. Jimbo la California, Marekani, limekuwa likifanya jambo hili kwa miaka zaidi ya 40. Kikundi cha walaji kinafanya kazi kwanza, kinaleta hoja, halafu baada ya uamuzi kinaomba malipo. Kama mchango wako haukusaidia uamuzi, hupati kitu. Na unaleta hesabu ya kila saa uliyofanya kazi. Hiyo ni masharti magumu kuliko ya wengi wanaolipwa na kodi yetu hapa.

Mnaona Marekani ni mbali? Vukeni mpaka tu. Tanzania, Sheria ya EWURA ya 2001 iliunda baraza la watumiaji wa nishati na maji, EWURA CCC. Lina ofisi, lina wafanyakazi, na kazi yake ni kupeleka hoja za mlaji kwa mdhibiti. Jirani ana mtu wa kumsemea. Sisi tuna hashtagi.

Nazipenda hashtagi, msinielewe vibaya. Mwaka wa 2018, #SwitchOffKPLC ilivuma na wakili Apollo Mboya akaenda mahakamani kuhusu bili za kurudi nyuma. Juni 2024 tuliusoma Mswada wa Fedha wenyewe, tukautafsiri kwa lugha za nyumbani, tukauweka TikTok kwa bando letu. Tulionyesha kwamba vijana wakielewa hati, wanauliza maswali makali. Lakini Apollo Mboya ni wakili tayari, na Mswada wa Fedha ulitutikisa nchi nzima kwa pamoja. Nani ataandamana kwa sababu yuniti 100 zimekuwa 30? Mabadiliko kama hayo hupita kimya kimya, kwenye jedwali, ukurasa ambao hakuna aliyelipwa kuusoma kwa niaba yako.

Bei za stima hupitiwa tena kila baada ya miaka michache. Awamu nyingine itakuja. Ikija, sitaki kusimama tena dakika tatu nikilia maisha magumu. Nataka nisimame na hesabu mkononi, niulize kwa nini 30, kwa nini si 60, na nijibiwe.

Piga skrinshoti ya tokeni yako. Zungushia pale pameandikwa EPRA. Itume kwa mbunge wako na swali moja tu: kwenye hii pesa yangu, sauti yangu imetengewa ngapi?