Kipimajoto Kinachosoma 100 Kinatudanganya

Wenzangu mnaopika ikigage nyumbani hapa Gihundwe mna njia moja ya kuchagua kipimajoto: kitumbukize katika maji yanayochemka, kikisoma 100, nunua. Napinga kabisa. Hiyo 100 ni ya Mombasa, ya watu wa usawa wa bahari. Ziwa Kivu lenyewe liko juu ya bahari kwa mita 1,460 hivi, nasi tunaishi juu ya ziwa. Huku maji huchemka karibu na nyuzi 95. Basi kile mlichokirudisha dukani ndicho kilichosema kweli!

Mtaniambia bibi zetu walipima kwa kidole. Naam, na pombe yao ilikolea. Lakini kidole chao kilifanya mazoezi miaka arobaini, chetu kina muhula mmoja. Vimeng'enya vya kimea hufanya kazi vizuri karibu na nyuzi 65. Wewe unasoma 65, kumbe uji uko 60, kisha unalaumu mtama.

Tumieni barafu iliyopondwa ndani ya maji kidogo: sifuri haijali mlima. Na kile cha zebaki cha kupimia homa, kinachoishia 42, kisikaribie chungu. Kikipasuka humo, pombe yote ni ya kumwaga.