Zakaria Aliomba Kibao



Injili Takatifu kama alivyoiandika Mtakatifu Luka ina sura 24. Kwa hiyo Mkristo anayeanza kuisoma tarehe 1 Desemba, sura moja kila jioni, ataimaliza tarehe 24, mkesha wa Noeli. Desturi hiyo ni njema kwa nyumba zetu, maana haidai mali wala elimu kubwa. Yadai taa, nusu saa, na watu wawili waliokubali kukaa pamoja. Majilio ya mwaka jana mimi na mke wangu tuliianza. Lakini lazima niseme kweli: jioni ya kwanza hatukuimaliza hata sura ile moja.

Sura ya kwanza ya Luka ina aya 80; hakuna sura nyingine katika Agano Jipya yenye aya nyingi hivyo. Nayo yaanza na mume na mke, wazee wasio na mtoto: Zakaria, kuhani wa zamu ya Abia, na mkewe Elizabeti, wa uzao wa Haruni. Angalieni jinsi Luka alivyopanga maneno yake. Kabla ya kututajia utasa wao, atangulia kutuambia ya kuwa wote wawili walikuwa watu wenye haki mbele ya Mungu, wasio na lawama. Hakufanya hivyo bure. Siku zile wengi walidhani kwamba nyumba isiyo na mtoto imeadhibiwa. Elizabeti mwenyewe, alipokwisha kuchukua mimba, alishukuru kwamba Bwana amemwondolea aibu aliyokuwa nayo mbele ya watu. Aibu ile ilitoka kwa watu. Mungu hakuwa amemwaibisha kamwe.

Mke wangu ndiye aliyekuwa akisoma. Alipofika hapo akanyamaza. Mvua ilikuwa ikipiga mabati, nami nikadhani anangoja ipungue. Kumbe alikuwa akilia.

Wasomaji wapenzi, mwaka ule ulikuwa wa nane tangu tulipofunga ndoa, nasi hatujajaliwa mtoto. Mnajua maana yake katika nchi yetu. Mwanamke aliyezaa huitwa Mama wa fulani. Asiyezaa hubaki na jina alilotoka nalo kwao, na kila anayemwita ni kama anamkumbusha. Siku ya Noeli ukoo wangu hukutana nyumbani kwetu. Kila mwaka, wakiisha kula chakula alichokipika yeye, shangazi yangu aliniuliza mbele ya wote:

– Mwanangu, mahari tuliyotoa ilikuwa ya nini? Mrudishe kwao huyu, au utafute mwingine wa kukuzalia.

Na mimi, mwalimu nisemaye mchana kutwa mbele ya watoto hamsini, nilitazama chini nisijibu neno. Nikajisifu moyoni kwamba nimewaheshimu wakubwa na kulinda amani ya ukoo.

Usiku ule wa mvua mke wangu alipangusa macho, akasoma mpaka pale Malaika Gabrieli anapomfanya Zakaria kuwa bubu. Kisha akafunga kitabu akaniuliza kwa upole:

– Bwana, Zakaria alinyamazishwa na Malaika. Wewe ni nani aliyekunyamazisha?

Sikuwa na jibu.

Siku ya pili hatukwenda sura ya pili. Tulirudi ile ile. Zamani, seminarini, niliisoma kwa ajili ya mtihani. Niliweza kueleza zamu 24 za makuhani, na jinsi kura ilivyomwangukia Zakaria aingie hekaluni kufukiza ubani, huku watu wote wakisali nje. Hayo yote ni kweli na yafaa kujulikana. Lakini sikuwahi kujiuliza Zakaria aliishije nyumbani mwake baada ya zamu yake kwisha, mtu aliyezoea kusali kwa sauti mbele ya taifa, sasa hawezi hata kuagiza maji. Kimya chake kilikuwa adhabu, kwa kuwa hakusadiki. Lakini kilikuwa pia shule. Miezi ile yote alikuwa mtu wa kutazama na kungoja.

Kisha mtoto akazaliwa. Siku ya nane majirani na jamaa wakaja kumtahiri, nao walikwisha kumchagulia jina la baba yake. Hapo ni kana kwamba Luka alikuwa ameketi katika kijiji chetu! Mama alikataa, akasema mtoto ataitwa Yohana. Jamaa wakambishia: katika ukoo wenu hakuna mwenye jina hilo. Wakamwacha mama, wakamgeukia baba, wakamfanyia ishara aseme atakavyo. Kwa ishara hizo wengi hufahamu ya kuwa masikio yake nayo yalikuwa yamezibwa. Zakaria akaomba kibao cha kuandikia, akaandika jina lile lile alilolitaja mkewe. Wote wakastaajabu. Papo hapo ulimi wake ukafunguliwa, akamsifu Mungu.

Elizabeti alilijuaje jina hilo, ambalo Malaika alimwambia mumewe peke yake? Luka hasemi. Wako wanaofundisha kwamba alifunuliwa na Roho Mtakatifu, nami siwapingi. Lakini napenda kuwaza kwamba kibao kile hakikuwa kigeni katika nyumba ile. Kwamba jioni nyingi, jamaa wakiwa hawapo, mzee yule alimwandikia mkewe mambo yaliyompata hekaluni. Kama ndivyo, basi wawili hao walipatana ndani kabla ya kuulizwa nje. Hata kama sivyo, jambo moja li wazi: kazi ya kwanza ya Zakaria mbele ya ukoo, kabla ya kuimba utenzi wake mkubwa, ilikuwa kulithibitisha neno la mke wake.

Hapo ndipo nilipoona tofauti. Zakaria alikuwa bubu, na hata hivyo alitafuta njia ya kusimama upande wa mkewe. Mimi nilikuwa na ulimi mzima.

Kanisa limetufundisha wazi juu ya jambo hili. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulisema kwamba ndoa haikuwekwa kwa ajili ya kuzaa tu, na kwamba hata watoto wakikosekana yadumu kuwa ushirika wa maisha yote. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1084, yaeleza kwamba utasa peke yake hauzuii ndoa wala hauitangui. Nao waganga wa hospitali watuambia kwamba kasoro yaweza kuwa kwa mume, au kwa mke, au kwa wote wawili. Twapata wapi basi ujasiri wa kumhukumu mwanamke peke yake?

Noeli ikafika. Watu wakala, na shangazi akauliza swali lake. Nikasimama, nikamwambia:

– Shangazi, wewe kwangu ni kama baba, nami nakuheshimu. Lakini huyu ni mke wangu mbele ya altare. Simrudishi, na simtafuti mwingine. Tena hatujui kama kasoro ni yake au ni yangu.

Shangazi akachukua kitenge chake akaondoka, na kaka yangu mkubwa akamfuata. Sitawaficha: ilikuwa Noeli ya huzuni, na chakula kingi kilibaki. Siku ya Pasaka shangazi alimtuma mtoto na kikapu cha unga, akauliza hali ya mkwe wake. Kabla ya hapo hakuwa amemwita hivyo. Mwenyewe hajarudi bado.

Sitaki kumdanganya mtu. Elizabeti alizaa, si kila nyumba isomayo Injili yake itazaa, na yetu haijazaa. Nasi kitabu hatukukimaliza mkesha wa Noeli. Tulikimaliza mwishoni mwa Januari.

Tarehe 19 Desemba, katika Misa Takatifu, mtasikia habari ya Zakaria hekaluni, na tarehe 23 habari ya kibao chake. Enyi waume, sikilizeni vema. Na jioni ile, kabla jamaa hawajafika, ulizaneni na wake zenu ni neno gani ambalo wamengoja siku nyingi mliseme mbele ya watu.

Mwenyezi Mungu azijalie nyumba zetu Majilio matakatifu.