RANGI YA CHAMBO INAVUA MVUVI KABLA YA SAMAKI

Kigoma kumekucha! Kuna staa mmoja wa mtandaoni, jina kapuni, siku hizi kajipa utaalamu wa kuvua kwa chambo bandia. Kila wikiendi anatupia picha akiwa kwenye mawe ya Katonga, miwani ya jua usoni, boksi la visamaki vya plastiki mkononi: pinki, zambarau, kijani cha kuwaka, nyekundu. Kisha anaviuza. Anasema ukikosa rangi sahihi utarudi nyumbani mikono mitupu. Na madogo wa mwaloni wananunua kweli.

Wapo wanaodai samaki wa kwenye zile picha hununuliwa asubuhi mwaloni. Hayo ni ya wambea, yaachwe. Ishu ni moja: rangi ya chambo ina umuhimu kiasi gani? Umuhimu upo, ila ni mdogo kuliko bei anayoitoza.

Mambo haya ya rangi mia kidogo yametoka kwa wavuvi wa Marekani wanaofukuzia samaki aitwaye bass. Afrika Mashariki samaki huyo anajulikana zaidi Ziwa Naivasha, Kenya, alikopelekwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Ziwa Tanganyika hayupo. Huku kuna kuhe, sangara na mgebuka, na ziwa lenyewe ni la kina kirefu kuliko yote Afrika.

Sasa sikia. Maji yanakula rangi. Nyekundu ndiyo inatangulia kupotea, bluu ndiyo inafika chini zaidi. Chambo chekundu kilichokuwa kinawaka dukani, kikishuka mita kumi na tano kinakuwa kitu cheusi cheusi tu. Yaani umelipia nyekundu, samaki anaona kivuli.

Usiku ndiyo kabisa. Umeme ukikatika, tisheti nyekundu na ya kijani zote zinaonekana za kijivu. Jicho la samaki nalo gizani linashika mwanga, rangi halizitofautishi.

Watu wa Katonga wanalijua hili bila kukaa darasani. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, sasa za sola na betri. Mbalamwezi ikikolea, taa inazidiwa nguvu, dagaa hawakusanyiki vizuri na vyombo vinapumzika. Mgebuka naye anamfuata dagaa, ambaye usiku hupanda juu na mchana hushuka chini. Dagaa anang'aa kama fedha. Kwa hiyo kitu chochote kinachong'aa, kinachochezacheza kama dagaa, kikiwa kwenye kina alipo mgebuka, kinaliwa. Kikiwa sehemu nyingine, hata kiwe na rangi za upinde wa mvua, kitarudi kilivyokwenda.

Ila haki itendeke, staa hajakosea yote. Mchana, maji maangavu, karibu na mawe, samaki wanaona rangi vizuri tu. Samaki wadogo wa mapambo wa ziwa hili wanatambuana kwa rangi zao. Kuhe naye anawinda kwa macho. Hapo rangi inaweza kuongeza nafasi kidogo, lakini ni baada ya kina, saa, mwendo na ukubwa wa chambo.

Kwa nini jambo hili liumize kichwa? Kwa sababu ni hela ya watu. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Anayetegemea mwalo anajua mfuko unavyokuwa baada ya hapo. Dogo mmoja, naye jina kapuni, alichukua hela ya mshipi mpya akanunua rangi kumi na mbili kwa staa. Siku samaki mkubwa alipokula, mshipi wa zamani ukakatika. Samaki kaondoka, chambo cha pinki nacho kimeondoka. Nyumbani wanasubiri mboga.

Mwenye mtaji mdogo aanze na mshipi imara na ndoana kali. Halafu chambo viwili vinatosha: kimoja cha fedha au cheupe kwa mchana, kimoja cheusi kwa jioni, maana samaki akitazama juu, kitu cheusi kinaonekana vizuri dhidi ya mwanga uliobaki. Hela ikibaki baada ya hapo, pinki na zambarau ruksa.

Kuuza siyo dhambi, na kaka wa miwani anajua kuuza. Ila posti inayofuata aonyeshe pia alishusha mshipi mita ngapi na saa ngapi, siyo rangi tu.

Wana Katonga, Kibirizi na Ujiji, mnasemaje? Mgebuka wenu mkubwa wa mwisho alikula rangi gani, na kwenye kina gani? Shusheni komenti.