Mbolea Tunaitoa Majuu, Ingine Tunaflashi Kwa Choo

Wasee, mnakumbuka 2022? Urusi ikavamia Ukraine, gunia ya mbolea ya kilo 50 ikapita 6,000, wakulima wakalia. 2024 ikalipuka skendo ya mbolea feki, mpaka Waziri Mithika Linturi akapelekwa bunge atimuliwe, kamati ikamuokoa. Na hiyo taimu yote Kanairo ilikuwa inaflashi naitrojeni na fosforasi kwa choo kila asubuhi.

Najua unakunja uso. Tulia, tayari unakula. Kuna watu hupasua sewa hapa Nairobi wanyunyizie sukuma na maji taka mbichi, na hiyo sukuma inafika soko kama zingine. Mavi ilisharudi kwa sahani kitambo. Kitu ya kuuliza ni kama imetibiwa kwanza ama imekuja na mayai ya minyoo.

Kuitibu inawezekana, na hakuna haja ya kwenda Japani kuona. Mukuru kuna zile choo za bluu za Fresh Life, zilianzishwa na Sanergy 2011. Ukiingia, mkojo unaenda huku, mavi kule. Egzosta haitoshei kwa vichochoro, kwa hivyo mabroo wanakuja na mkokoteni, wanabeba ndoo iliyojaa na kuacha safi. Ikifika kiwandani inapewa funza wa inzi anaitwa BSF, pamoja na taka za jikoni na soko. Hao funza ni walafi aki. Wiki mbili hivi wamenona, wanakaushwa, wanakuwa protini ya chakula ya kuku na samaki, badala ya sisi kung'ang'ania omena na kuku. Kinachobaki hapo chini ndio mbolea.

Naivasha nako Sanivation wanapasha mavi moto viini vife, wanaichanganya na mabaki ya shamba, inatoka fueli ya viwanda. Hiyo ni miti haijakatwa.

Sasa mbona hii kitu haijashika Kenya mzima? Kwanza ni mchanganyiko. Funza hali pampers. Sheria ya taka ya 2022 inasema utenganishe zenye zinaoza na zile haziozi, lakini hebu fungua pipa ya ploti yenu: ugali, chupa, betri, nywele za salon, zote ndani. Hata ukitenganisha kama raia mwema, lori inakuja kurusha zote pamoja, hao Dandora, dampo ilitangazwa imejaa 2001!

Pili ni doh, na hapa ndio mimi hukasirika. Kila mtu akisikia mavi ni mali anauliza faida iko wapi. Hakuna mtu huuliza kama sewa ya Lavington inaleta faida. Ile ilijengwa na pesa ya umma, ikachukuliwa ni huduma. Choo ya Mukuru inaambiwa ijilipie na mbolea na funza, na bado msee wa mkokoteni alipwe, glavu zinunuliwe, chanjo zitolewe. Hiyo hesabu haiwezi kuingiana.

Kanjo ikianza kulipa kwa kila kilo ya taka imetenganishwa, si lazima itafute kampuni ya majuu. Vijana wa kuzoa taka wako kila mtaa, na mikokoteni wako nayo tayari. Wanangoja tu kuambiwa bei.